Vitako vyeusi, mbegu zilizolala: utatuzi wa matatizo ya kuotesha vichaka vya Mediterania

Rosmari, mhadasi (Myrtus communis), Cistus, Viburnum tinus, Arbutus unedo, Pistacia lentiscus, Teucrium fruticans: ndivyo vichaka vinavyoagizwa kwa ajili ya bustani kuanzia Hispania hadi Ugiriki, kwa kuwa vikishashika ardhini vinapita kiangazi cha miezi mitatu au minne karibu bila tone la mvua. Mwenye kitalu hanufaiki na uvumilivu huo. Kipandikizi, yaani kipande cha tawi kinachochomekwa ili kitoe mizizi, hukauka kwa siku mbili za hewa kavu na huoza kwa wiki moja ya maji mengi, na kwa mtazamaji wa juujuu dalili ni ileile: majani yanalegea.

Kwa hiyo usianze na jani. Chomoa vipandikizi vitano, vinne kutoka pembeni mwa trei na kimoja katikati, vioshe, vipange juu ya karatasi nyeupe, uangalie vitako, yaani ncha za chini zilizokatwa. Kibonyeze kila kitako kwa kucha. Laini au kigumu, cheusi au cheupe, kimevimba au kiko vilevile kama siku ulipokichomeka: majibu hayo yanakuonyesha sehemu ya kuanzia hapa chini. (Kuhusu lebo: Rosmarinus officinalis na Salvia rosmarinus ni mmea mmoja, ni jina tu lililobadilishwa. Usinunue mmea mama, ule unaokatwa vipandikizi, mara mbili.)

Kitako cheusi, laini, kinanuka

Huu ni uozo wa maji. Hewa imekwisha chini, vimelea vya fangasi vimeingia kwenye kidonda cha mkato, gome linavuka kama soksi ukilivuta. Majani yanaweza kubaki ya kijani kwa wiki mbili zaidi, ndiyo maana watu hugundua wakiwa wamechelewa.

Kamata ngumi moja ya mchanganyiko wa kuoteshea, uikamue. Likitoka tone moja au mawili, sawa. Maji yakichuruzika, mchanganyiko ni mzito mno. Kwa mhadasi na Viburnum tinus, piti (mboji ya vinamasi) na perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za mwamba wa volkano) nusu kwa nusu inatosha. Kwa vichaka vya majani ya kijivu (lavenda, Teucrium fruticans, Phlomis, Helichrysum italicum, Santolina) weka perlaiti au pumisi (jiwe jepesi la volkano) sehemu tatu kwa sehemu moja ya piti au makumbi ya nazi yaliyosagwa na kuoshwa chumvi. Udongo wa shambani usiingie humo hata kiganja kimoja.

Kina cha trei nacho hupuuzwa. Maji hujikusanya kwenye sentimita mbili au tatu za chini za chombo chochote, kiwe kirefu au kifupi. Trei ya kina cha sentimita 4 ina maana kwamba kitako kimekaa ndani ya tope hilo. Tumia chombo cha kina cha sentimita 8 hadi 10, chomeka kipandikizi sentimita 2 hadi 3 tu, na weka trei juu ya mchanga mnene ulioloa kidogo: mchanga unaogusana na matundu ya chini huvuta maji ya ziada.

Kilichokwisha kuoza hakiponi. Toa vilivyokufa pamoja na mchanganyiko uliovizunguka. Kama zaidi ya theluthi ya trei imeoza, tupa trei nzima. Osha vyombo kwa dawa ya klorini iliyozimuliwa hadi asilimia 0.5, viloweke dakika 10 kisha suuza; mkasi pangusa kwa spiriti ya asilimia 70 kila unapohamia mmea mama mwingine.

Majani ya kijivu yanageuka kahawia na kunata

Manyoya yanayofanya jani la Teucrium au Phlomis lionekane la fedha hushika matone na kuyazuia yasikauke. Ukiviweka vichaka hivi chini ya mnyunyizo uleule wa mhadasi, kuvu ya Botrytis itavifikia ndani ya siku chache: vumbi la kijivu, majani yaliyoshikana, kisha ncha inakufa.

Vitenganishe. Mhadasi na Viburnum vinakubali mnyunyizo wa sekunde 5 hadi 8 kila dakika 10 au 15 jua likiwa kali, kila nusu saa asubuhi, na usiku mfumo ufungwe kabisa. Vya kijivu vipe siku nne au tano za kwanza tu za mnyunyizo hafifu, kisha vihamishie chini ya hema la plastiki nyeupe lisilogusa majani, lifunguliwe kila asubuhi kwa dakika 15. Kivuli cha asilimia 50 kinatosha. Toa majani yote ya nusu ya chini. Jani lililozikwa ndiyo mlango wa kwanza wa uozo.

Kitako cheusi, kigumu, mpaka wake umenyooka

Weusi ukiishia pale pale ulipoishia kimiminika cha homoni ya kuotesha mizizi, na juu ya mstari huo gome ni zima, umekiunguza. Wakati mwingine mizizi michache hutoka juu ya mstari huo, na hapo hakuna shaka tena.

Homoni inayotumika zaidi ni IBA, asidi ya indoli-3-butiriki. Kutengeneza kimiminika cha miligramu 1,000 kwa lita: yeyusha gramu 1 ya IBA katika mililita 500 za ethanoli ya asilimia 95, kisha ongeza maji yaliyochujwa hadi lita 1. Ukitaka kidogo cha kujaribia, gramu 0.3 katika mililita 100 inakupa 3,000. Chovya sentimita 1 ya chini kwa sekunde 5, acha alkoholi iruke kabla ya kuchomeka. Mimina kiasi cha kazi kwenye kikombe na kimwage jioni. Chupa kuu ikae kwenye friji, gizani, na isichovywe kitu kamwe.

Kwa rosmari, lavenda na Teucrium, 1,000 inatosha, na rosmari changa huotesha mizizi hata bila homoni. Cistus, mhadasi na Viburnum: 2,000 hadi 3,000. Phillyrea, Rhamnus alaternus na Arbutus: 4,000 hadi 8,000, na bado utapoteza vingi. Kosa la kawaida ni kutumia chupa ya 8,000 kwa kila kitu kwa kudhani kwamba kikali ndicho kizuri. Ukiwa na ya unga, kumbuka kwamba asilimia 0.1 ni sawa na miligramu 1,000 kwa kilo, lakini unga huingia kidogo kuliko kimiminika, hivyo matokeo hayalingani moja kwa moja.

Kitako kimevimba kama kichwa cha kiberiti, cheupe, hakuna mzizi

Uvimbe huo ni kovu la mkato. Ukiwa mdogo ni jambo jema. Ukizidi na wiki nane zikapita bila mzizi, tazama mambo matatu.

La kwanza ni pH, kipimo cha uchachu. Maji ya visima ya pwani nyingi za Mediterania hutoka kwenye miamba ya chokaa. Kila mnyunyizo unaongeza chokaa kidogo, na baada ya mwezi mchanganyiko ulioanza na pH 5.5 umefika 7.5. Dalili ya nje ni unga mweupe juu ya majani na kwenye pua za kunyunyizia. Kusanya maji ya mvua, au tia asidi ya sitriki kidogo kidogo kwenye tangi ukipima hadi pH iwe kati ya 5.8 na 6.2.

La pili ni umri wa ubao. Kipandikizi kizuri cha vichaka hivi kimekomaa nusu: kikipindwa hujikunja kwanza ndipo kikatike, chini kimeanza kuwa kahawia na ncha bado ni ya kijani. Kama chini ni ubao mtupu wa mwaka jana, kovu litakuwepo, mizizi itagoma.

La tatu ni mmea mama mzee. Mhadasi wa miaka 20 uliojiotea kwenye mteremko hutoa vipandikizi vigumu kuliko mhadasi uleule uliokatwa hadi sentimita 30 mwishoni mwa majira ya baridi na kuachwa utoe machipukizi mapya. Weka safu ya mimea mama kitaluni, ikate kila mwaka, ipe naitrojeni kidogo. Ukiijaza mbolea utapata machipukizi marefu yenye maji, na hayo yatakurudisha kwenye kitako cheusi na laini.

Vilivyovimba unaweza kuviokoa: kwangua uvimbe upande mmoja hadi uone kijani, chovya tena katika nusu ya kiwango cha awali, chomeka kwenye mchanganyiko mpya.

Juu kunachipua, chini hakuna kitu

Hewa ina joto kuliko mchanganyiko. Kipandikizi kinatumia akiba yake kutoa majani mapya yasiyo na mizizi ya kuyalisha, kisha kinaanguka ghafla siku ya kwanza ya jua. Geuza hali: chini nyuzi joto 20 hadi 22 za Selsiasi kwa mkeka wa umeme, juu 15 hadi 18. Kipimajoto kichomekwe kwenye mchanganyiko, kina cha kitako, maana kile kinachoning'inia ukutani hakijui kinachoendelea humo. Maua ya rosmari na Viburnum yabanwe yote siku ya kukata. Huchota akiba hiyohiyo.

Majani yanadondoka wiki ya kwanza

Tatizo lilianza kabla ya kitalu. Vilikatwa saa sita mchana, au vilikaa kwenye buti la gari. Kata alfajiri hadi saa tatu asubuhi, funga kwa karatasi yenye unyevu ndani ya mfuko, weka kwenye kisanduku cha baridi bila kugusana na barafu, na vichomekwe siku hiyohiyo. Urefu wa sentimita 8 hadi 10, mkato chini kidogo tu ya fundo.

Na majira: vichaka hivi hupumzika katikati ya kiangazi. Cistus iliyokatwa Julai kwenye mteremko mkavu ina majani madogo, yanayonata, na shina lisilotaka kufanya lolote. Mei na Juni ni dirisha la kwanza. La pili, ambalo ndilo bora kwa vingi, ni kuanzia mwisho wa Septemba, mvua za kwanza zikishalainisha ukuaji. Anayekuza rosmari Arusha au nyanda za juu za Kenya asifuate miezi hii. Hana majira hayo. Afuate hali ya shina, wiki chache baada ya mvua kuamsha machipukizi.

Mizizi ilikuwepo, sasa haipo

Ukiona nzi wadogo weusi wakiruka ukitikisa trei, ni Bradysia. Viwavi vyao vyeupe vyenye kichwa cheusi, vya milimita chache, hula kovu na ncha za mizizi michanga. Kata kipande cha kiazi ulaya, kilaze juu ya mchanganyiko usiku mmoja, kigeuze asubuhi: utawaona chini yake. Mitego ya gundi ya njano huwakamata wapevu tu. Kwa viwavi tumia bakteria anayewaua, Bacillus thuringiensis ya aina ya israelensis, kwenye maji ya kumwagilia, rudia kila wiki kwa wiki tatu, na acha sentimita ya juu ya mchanganyiko ikauke kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine. Bila hilo la kukausha, dawa ni hasara.

Vichaka visivyopenda vipandikizi

Kabla ya kujilaumu, jua unashindana na nani. Pistacia lentiscus ya porini hutoa mizizi kwa shida kubwa. Quercus coccifera usijaribu. Arbutus unedo inawezekana kwa mimea mama michanga sana, lakini vitalu vikubwa vinavyotaka miche inayofanana huiotesha maabara. Kisiwani Chios, Ugiriki, mimea ya mastiki, ambayo nayo ni Pistacia lentiscus, huzalishwa kwa matawi, ila hiyo ni aina teule ya kisiwa, iliyochaguliwa na wakulima kwa vizazi, na isikudanganye kuhusu ile ya porini.

Hivi viote kwa mbegu. Kwa bustani, tofauti ndogo kati ya mche na mche haina ubaya. Mteja anayetaka ua wa mimea wa mstari ulionyooka kama ukuta muuzie Viburnum tinus.

Mbegu hazioti

Kila kundi la mbegu lina kufuli yake.

Cistus na Spartium junceum zina ganda lisilopitisha maji. Porini hufunguliwa na moto wa nyika. Mbegu kavu za Cistus, ambazo ni ndogo kama chembe za mchanga, zitandaze kwenye trei ya bati, ziweke ndani ya tanuri lililokwisha fika nyuzi 100 kwa dakika 10, kisha zipoe na kusiwa juu juu, kina cha milimita 2. Spartium mimina juu yake maji ya nyuzi 80, ziache humo saa 24. Zilizovimba sia. Zilizobaki ndogo rudia, au zikwaruze kwa msasa hadi weupe uonekane.

Pistacia lentiscus ina hila nyingine. Kichaka ni cha kike au cha kiume, na wa kike hutoa tunda hata kama mbegu ndani ni tupu. Yaliyobaki mekundu kwa kawaida ni matupu. Chuma yaliyogeuka meusi, kati ya Novemba na Desemba. Yasugue kwenye chekeche chini ya maji hadi nyama yote itoke, maana nyama hiyo huzuia uotaji, kisha tia mbegu kwenye ndoo. Zinazoelea mwaga. Zilizozama, kwenye nyuzi 20 hivi, huota ndani ya wiki mbili hadi nne. Ukipasua kumi kwa koleo kabla ya kununua gunia, utajua unalipia nini.

Mhadasi na Arbutus nazo zioshwe nyama. Arbutus ichanganye na mchanga wenye unyevu, ikae kwenye friji nyuzi 4 kwa wiki nane, halafu isie juu ya mchanganyiko bila kuifukia. Mhadasi wiki tatu au nne za friji hufanya zote zitoke kwa pamoja. Viburnum tinus hutoa mzizi kwanza chini ya udongo huku shina likichelewa kwa miezi, na wengi hutupa trei iliyokuwa hai. Lakini kwa mmea unaoota kwa tawi kirahisi hivyo, mbegu za nini? Mbegu za Quercus coccifera hufa zikikauka: zikusanye zilizoanguka vuli, zitie kwenye ndoo ya maji na mwaga zinazoelea, sia wiki hiyohiyo, na funika trei kwa wavu wa chuma maana panya watakutangulia.

Miche ikitoka kisha ikaanguka ikiwa imesinyaa shingoni, hicho ni kinyausi. Punguza wingi wa mbegu, funika kwa milimita 3 za kokoto laini badala ya piti, mwagilia asubuhi tu.

Mche mzuri, unakufa baada ya kuhamishwa

Ung'oe na uangalie mzizi mkuu. Ukiwa umejisokota chini ya sufuria au umepinda kama ndoana, uliharibika kitaluni. Kwa Pistacia, Quercus na Cistus tumia vyombo vya misitu vya sentimita za ujazo 200 hadi 400, virefu, vyenye mbavu ndani na vilivyo wazi chini, vikiwa juu ya meza ya waya: ncha ya mzizi ikikuta hewa hukauka yenyewe na matawi ya mizizi hutoka juu yake. Cistus hasa haisamehi. Iuze ikiwa kwenye sufuria ya lita 1. Ile ya lita 5 iliyokaa miaka miwili inapendeza machoni na haishiki ardhini.

Majani yakiwa ya njano kati ya mishipa iliyobaki kijani, kwenye mhadasi ulio kwenye udongo wa chokaa, ni upungufu wa madini chuma: mpe cheleti (chuma kilichofungwa ili mmea uweze kukinyonya) ya EDDHA, kwa kuwa aina ya EDTA haidumu pH ikipita 6.5 hivi. Yakiwa ya njano yote, kuanzia ya chini, ni njaa ya naitrojeni. Mbolea ya kuyeyuka polepole gramu 2 hadi 3 kwa lita ya mchanganyiko wakati wa kuhamishia sufuriani inatosha.

Lavenda, rosmari au Cistus inayonyauka tawi moja baada ya jingine Agosti, na udongo una unyevu, haina kiu. Kwangua shingo kwa kisu. Gome la ndani likiwa kahawia lenye ukingo mwekundu, shuku Phytophthora, kimelea cha kuozesha mizizi. Kiumbe huyu hustawi udongo ukiwa na joto na maji kwa pamoja, hali ambayo kiangazi cha Mediterania hakina mpaka mtu alete bomba. Ng'oa, usipande kichaka cha jamii hizo hapo tena, na kwa miche mingine pandisha shingo sentimita 3 juu ya usawa wa ardhi. Kupanda kufanyike Oktoba na Novemba, ili mvua za baridi zifanye kazi ya bomba.

Kingo za majani zimeungua kwenye mmea mama

Inaweza kuwa ukame au chumvi. Inaweza pia kuwa Xylella fastidiosa, bakteria anayeziba mishipa ya maji, aliyegunduliwa kwenye mizeituni ya Puglia, Italia, mwaka 2013, kisha Corsica 2015 na visiwa vya Balearic 2016. Rosmari, lavenda, Cistus, mhadasi, oleanda na Rhamnus alaternus zote humbeba, nyingine bila dalili yoyote. Husambazwa na wadudu wafyonza utomvu, na husambazwa vilevile na mwenye kitalu anayekata vipandikizi kwenye mmea mgonjwa. Hakuna dawa ya kumwondoa mmeani. Ukiona kuungua kunakoanzia ncha ya jani, kwenye matawi machache tu, na kumwagilia hakubadilishi kitu, acha kukata na uite mamlaka ya afya ya mimea ya eneo lako ichukue sampuli. Ndani ya Umoja wa Ulaya ni wajibu wa kisheria, chini ya kanuni 2016/2031, na miche haiuzwi bila pasipoti ya mimea.

Kahawa ni miongoni mwa mimea inayoshambuliwa na bakteria huyu. Aliyeko Ulaya na anataka kupeleka matawi machache ya rosmari au lavenda Moshi au Nyeri asiyatie kwenye begi: kinachokubalika mpakani ni nyenzo yenye kibali cha kuingiza kilichoombwa mapema na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi inakotoka. Mbegu za lavenda zilizonunuliwa kwa muuzaji aliyesajiliwa ni njia rahisi zaidi, nazo pia ziwe na cheti.